Waya wa Nyuma ya Kabati

Waliompa jina la Subiri hawakumwonea. Hilo ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko salamu. Ukimwambia mtandao umekufa na wateja wanafoka, atakujibu subiri. Ukimwambia washa basi, atakujibu subiri kwanza, nani mwingine ameshika waya? Kwa mtu mwenye haraka zake, mzee huyu alikuwa adhabu tupu. Lakini kazi aliyoifunga yeye haikufungwa mara ya pili, na wale waliomkimbia wakaenda kwa mafundi wa chapuchapu walikuwa wakimrudia mmoja mmoja, wamenywea, wakijifanya walikuwa safarini.

Alianzia kwenye nguzo za simu, enzi hizo mgongo wake bado unakubali kupanda. Huko ndiko alikolipata sharti lake. Mwenzake mmoja alishika waya aliohakikishiwa kuwa umekufa, kumbe mtu alikuwa ameuunganisha upande wa pili bila kumwambia yeyote. Yule mwenzake alipona, ila vidole vya mkono wa kulia havikukunjuka tena. Msimamizi alipouliza waya ule ulikuwa wa nani, kikosi kizima kilitazama viatu vyake. Tangu siku hiyo Subiri hakuunganisha waya bila kuuvisha kibendera, yaani kipande cha utepe mweupe kilichokunjwa kikashikana, chenye jina la aliyeuweka. Wala hakukata chochote kabla ya kupaza sauti, "Nakata!" na kungoja kila chumba kimwitikie, "Kata!" Vijana wa siku hizi walimcheka. Naye alicheka nao, kisha akaendelea kufunga vibendera vyake.

Kazi ninayoisimulia alitafutiwa na bintiye, kitindamimba wake, aliyekuwa ameajiriwa kwenye karakana ya meno ya bandia. Nasema ameajiriwa, lakini kwa kweli alikuwa bado kwenye majaribio. Alikaa nyumbani muda mrefu na cheti chake kabatini, akipika na kufua na kujifanya hana wasiwasi, mpaka alipopata benchi katika nyumba ile. Baba mtu alijua binti yake analipenda benchi lile. Alikuwa akirudi jioni na unga wa plasta kwenye nyusi, anasimulia habari za magego kama wenzake wanavyosimulia habari za harusi.

Karakana yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida yenye korido ndefu. Kulikuwa na mapokezi mbele, chumba cha michoro, chumba cha mashine ya kuchonga, benchi za plasta, na mwisho kabisa chumba cha kung'arisha alikokaa bwana mmoja mnene aitwaye Redio, kwa sababu kompyuta yake ilicheza redio ya mtandaoni tangu anaingia mpaka anatoka. Meno yalikuwa kila mahali. Yalikuwa kwenye trei, dirishani, hata juu ya friji, yakicheka bila midomo. Mwenye nyumba hiyo ya kazi alikuwa mama mmoja mkali, mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Walimwita Mama Meno, naye hakujali.

Mama Meno alikuwa ameumizwa. Mwezi uliotangulia wezi wa mtandaoni walimwingilia. Hawakuvunja kufuli wala dirisha. Mtu mmoja humo ndani alifungua barua pepe isiyostahili kufunguliwa, nao wakapita hapo, wakayafunga mafaili yote yenye michoro ya vinywa vya watu. Wagonjwa walirudishwa kwa madaktari wao kupimwa upya. Mama Meno aliwauliza wafanyakazi wake nani aliifungua ile barua. Hakuna aliyejibu. Kilichomkaa rohoni kuliko mafaili ni huo ukimya.

Hospitali kubwa iliyompa kazi zake nyingi ilisimamisha kila kitu. Walimwambia aweke faiawoli, mtambo wa kusimama kati ya mtandao wa nje na kompyuta za ndani na kukagua kila kinachopita. Mkaguzi wao angejaribu kuingia kutoka nje siku hiyo hiyo kazi ikiisha. Akishindwa kuingia, wataanza tena kumtumia mafaili ya wagonjwa wao. Akiingia, kazi wanapeleka kwingine.

Asubuhi ile Mama Meno aliwakusanya kwenye korido.

"Leo hakuna wa kugusa waya isipokuwa fundi," alisema. "Sijali umesomea wapi. Atakayegusa amemwaga unga, na asije kuniambia hakujua. Tumeelewana?"

Waliitikia kwa vichwa. Binti naye aliitikia, kisha akamvuta baba yake kando ya ngazi.

"Baba, nakuomba. Leo usisubiri sana."

"Nikisema subiri nina sababu."

"Mimi najua. Wao hawajui. Na mimi ndiye niliyekuleta."

Subiri alimtazama, akaona jinsi anavyozungusha pete ya kidoleni kama mama yake alivyokuwa akifanya akiwa na hofu. Alimwambia aende benchini, kila kitu kitakwenda sawa.

Mitambo ilikuwa kwenye stoo chini ya ngazi, chumba ambacho mtu wa kimo chake aliingia kwa kuinama. Ruta, iliyoleta mtandao kutoka nje, ilikuwa imepigiliwa ukutani. Chini yake kulikuwa na kabati dogo la chuma lenye swichi, ambayo ndiyo iliyogawa mtandao kwa kila chumba. Kati ya hizo mbili ulipita waya mmoja tu, na kazi yenyewe ukiisikia utadhani ni ya mtoto: unaukata uhusiano huo, unaiweka faiawoli katikati, tundu lake la nje unaliunganisha na ruta, tundu lake la ndani na swichi. Subiri aliiita faiawoli mlinzi. Alisema mlinzi ana kiti kimoja tu, mlangoni. Ukimweka jikoni, umeajiri mlaji.

"Nakata!" alipaza sauti.

"Kata!" waliitikia mapokezi.

"Kata!" chumba cha michoro.

"Kata, mzee wangu, kabla sijaota mvi!" Redio aliitikia kutoka mwisho wa korido, na watu wakacheka.

Alikata. Redio ya mtandaoni ikanyamaza, na nyumba ikabaki na sauti ya tindo na plasta.

Alifunga waya wa kwanza, akauvisha kibendera. Wa pili, kibendera. Aliwasha, akangoja taa zitulie, na hapo mambo yakagoma. Ruta na faiawoli zilikuwa zimetoka viwandani kwao na anwani ileile moja, mfano wa nyumba mbili za mtaa mmoja zilizopewa namba moja, na mleta barua hajui abishe wapi. Lilikuwa jambo la kulitazama kabla ya kukata. Alilijua, na siku yoyote nyingine angelitazama. Lakini alikuwa na ombi la binti yake masikioni, akaharakisha.

Basi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta yake magotini, akaibadilisha anwani ya faiawoli na kupanga upya sheria zake. Huko nje ya stoo minong'ono ilianza. Mapokezi alikuwa amekaa bibi mmoja aliyeahidiwa meno yake siku hiyo, leso mdomoni, na marekebisho ya mwisho kutoka kwa daktari wake yalikuwa hayajaingia kwa kuwa hakuna mtandao.

"Binti Subiri," Subiri alimsikia Redio akisema, "kweli jina limemkaa baba yako. Sasa tufanyeje, tumtafunie bibi wa watu?"

Watu walicheka tena.

Alipomaliza, alitoka kwenda kuzizima na kuziwasha kompyuta chumba kwa chumba ili zichukue anwani mpya. Alianzia mapokezi, akamwamkia bibi, akaenda chumba cha michoro. Kompyuta kubwa ya hapo ilikuwa ikichonga jino zima la mtu kwenye kioo, na mchoraji akamsihi asiizime katikati, angeizima mwenyewe akimaliza. Subiri akakubali shingo upande. Alikuwa bado hajafika chumba cha mashine aliposikia muziki. Redio ilikuwa ikiimba.

"Imerudi!" mtu alipiga kelele. "Mzee hoyee!"

Hapa ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo hakuna aliyelitegemea kwake. Alikuwa hajaigusa kompyuta ya Redio. Haikuwa na njia ya kuimba. Subiri wa siku zote angesimama hapohapo korido akasema subiri, huyu anaimba kwa waya gani? Lakini watu walikuwa wanampigia makofi, na binti yake alikuwa amesimama mlangoni pa benchi lake akitabasamu, ingawa uso ulikuwa umempauka. Mzee alitaka sana iwe imefanikiwa. Akajiambia labda kompyuta imejiwasha upya yenyewe, akaliacha, akarudi stoo na kompyuta zilizobaki hajazigusa.

Simu ya Mama Meno ililia adhuhuri. Aliiweka sauti ya juu ili fundi asikie.

"Nimebisha mlango wenu wa zamani, ule wa kabla ya faiawoli," alisema mkaguzi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulitisha. "Umefunguka. Naiona kompyuta yenu ya michoro. Kuna taya la mtu kwenye kioo."

Mama Meno alikodoa macho.

"Nawapa nafasi moja," sauti iliendelea. "Nitapiga tena baada ya muda mfupi. Nataka kukuta pamefungwa, na nataka kujua kilikuwa nini. Mkishindwa kuniambia, naandika hapana."

Subiri alirudi stoo mbiombio, akagonga kichwa kwenye ngazi, hakujali. Alizipitia sheria za faiawoli moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa. Alizipitia tena. Taa za mtambo zilikuwa zinawaka vizuri, mlinzi yuko macho, amevaa sare, na mwizi yuko sebuleni. Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashuke kwenye nguzo. Aliuchomoa waya unaotoka kwenye faiawoli kwenda swichi bila kupaza sauti.

Redio iliendelea kuimba.

Kama mtandao unafika kule mwisho wa korido na mlinzi amefungwa mdomo, basi kuna njia nyingine. Alipiga magoti, akachukua tochi, akaingiza kichwa nyuma ya kabati. Waya wa kijivu ulitoka kwenye ruta, ukateremka ukutani, ukapita kwa nyuma na kuingia kwenye tundu la mwisho la swichi. Ulikuwa umempita mlinzi mgongoni. Na waya huo ulikuwa na kibendera.

Alikisoma mara moja tu. Kilikuwa na maneno mawili, moja juu ya jingine. Binti. Subiri. Herufi ya S ilikuwa na mkia mrefu, ule mkia aliomfundisha mezani nyumbani, mtoto akiwa amepiga magoti juu ya kiti ili afikie.

Nisiseme uongo, alichokisikia kwanza ni fahari. Hata katika wizi wake mdogo, mtoto hakuuacha waya bila jina. Kisha hofu ikamvaa. Atakayegusa amemwaga unga. Aliliona lile benchi likiwa na mtu mwingine, na binti yake amerudi jikoni kujifanya hana wasiwasi. Ndala za Mama Meno zilikuwa zinakuja korido, chap, chap, chap.

Alikichana kibendera katikati. Neno la juu alilitia mfukoni. La chini akaliacha.

"Umepata?" Mama Meno aliinama mlangoni.

"Nimepata, mama. Ni waya uliozunguka." Aliuchomoa, akaurudisha wa faiawoli mahali pake. Sasa redio ikanyamaza, kama ilivyopaswa kunyamaza tangu mwanzo.

"Wa nani?"

"Wangu," alisema Subiri, akamwonyesha jina.

Mama Meno alishusha miwani ya utosini juu ya ile nyingine, akasoma. Simu ililia mkononi mwake. Watu walikuwa wameanza kujaa korido.

"Nimebisha," alisema mkaguzi. "Kimya. Sioni kitu. Vizuri. Sasa niambieni kilikuwa nini."

"Kulikuwa na waya unaotoka ruta kwenda swichi bila kupitia faiawoli," alisema Subiri. "Ni mimi niliyeuweka. Niliusahau."

"Wewe ndiye uliyeifunga faiawoli?"

"Mimi."

"Na wewe mwenyewe ukaipita kwa nyuma?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

Mzee huyu angeweza kukuambia sababu ya kila waya aliopata kuuvuta, hata ule wa majengo yaliyokwisha kubomolewa. Kwa waya huu hakuwa na sababu.

"Nilikuwa... najaribu."

"Unajaribu nini?"

Alisikia maji yakichuruzika kwenye sinki la plasta.

"Fundi, nielewe," alisema mkaguzi. "Hawa watu wameibiwa mwezi uliopita. Waya wenye sababu naweza kuupitisha. Waya usio na sababu siwezi, kwa kuwa sijui ni wenu au ni wa wale wezi. Nasikitika. Naandika hapana."

Mama Meno alifumba macho. Karakana nzima ilikuwa kwenye neno hilo, na kila mmoja pale korido alilijua. Subiri alifungua mdomo, akatafuta uongo wa pili wa kuutetea wa kwanza, asiuone.

"Waya ni wangu."

Binti alikuwa amepenya katikati ya watu, mikono myeupe kwa plasta mpaka kwenye viwiko.

"Nani huyo?" aliuliza mkaguzi.

"Mfanyakazi wa benchi la plasta. Niliutoa kwenye ruta, tundu la tatu, nikauingiza kwenye swichi, tundu la mwisho. Niliuvisha kibendera, kwa sababu baba yangu alinifundisha nisiache waya bila jina." Alimgeukia. "Kilikuwa na maneno mawili. Baba, toa lile jingine."

Subiri hakusogea.

"Baba."

Aliingiza mkono mfukoni. Kile kipande cha utepe kilikuwa kimelowa jasho. Binti alikipokea, akakiunganisha na nusu ya pili juu ya kiganja chake, akakiinua Mama Meno aone.

"Kwa sababu gani?" aliuliza mkaguzi.

"Kuna bibi amekaa mapokezi tangu asubuhi hana meno. Nilitaka marekebisho yake yaingie. Halafu..." Alimtupia Redio jicho. "Nilichoka kusikia baba yangu akisemwa. Nilidhani yakiingia tu nitauchomoa. Nikaitwa benchini, na baba alikuwa amesharudi stoo."

Redio, yule bwana, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hiyo ni sababu," alisema mkaguzi. "Mbaya, lakini ni sababu. Nimepitisha. Mtaanza kupokea mafaili yetu tena leo." Akakata simu.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Meno alivua miwani zote mbili.

"Asubuhi nilisema nini?"

"Ulisema atakayegusa waya amemwaga unga," alijibu binti.

"Na ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

Mama Meno alizifuta miwani zake, moja baada ya nyingine. "Mwezi uliopita niliuliza swali moja kwenye korido hii hii," alisema. "Nikauliza kwa upole. Nikauliza kwa ukali. Nikauliza nikilia. Mpaka leo sijajibiwa." Akavaa miwani. "Wewe hata sikukuuliza. Rudi benchini. Bibi anangoja."

Binti alisimama kama hakuelewa. Mtu alimsukuma taratibu kwa kiwiko, akaenda. Subiri alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kukaa chini. Lakini Mama Meno alikuwa bado hajamaliza.

"Na wewe, mzee wangu. Kazi yako ni nzuri, nimeiona. Ila fundi anayenificha waya, hata kama anamficha mwanawe, simrudishi kwenye kabati langu. Nitatafuta mwingine."

Angeweza kujitetea. Angeweza kusema ni damu yake, ni mzazi gani asiyeijua damu yake. Alikumbuka vidole visivyokunjuka, na kikosi kizima kikitazama viatu.

"Una haki, mama," alisema. "Hata mimi nisingemrudisha."

Alikwenda akamaliza kompyuta zilizobaki, chumba kwa chumba, mpaka Redio akapata tena muziki wake, safari hii kwa njia halali. Hakuna aliyemtania. Alikusanya koleo zake, utepe na kalamu, akaaga mapokezi. Bibi wa leso alikuwa ameshaingizwa ndani.

Alikuwa amefika ngazi za nje aliposikia nyayo nyuma yake. Binti yake alisimama mlangoni, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Baba, umekasirika?"

"Nimeaibika," alisema Subiri. Alishuka ngazi moja, akageuka. "Na nimefurahi. Subiri kwanza, bado sijajua kipi kimezidi."